Bata Huyu Hakuwa Ndege

Ijumaa moja nikiwa nyumbani Kizingitini, nilitoka msikitini nikakuta viatu vimejaa mlangoni: makubadhi, ndara, na raba za turubai zilizopauka kwa maji ya chumvi. Nikageuza raba moja nikitafuta zangu. Chini imeandikwa Bata. Hebu na wewe geuza zako uone. Miaka yote hiyo nilidhani ni jina letu la Kiswahili, yule bata anayetembea kwa madaha uani. Kumbe ni jina la mtu!

Tomáš Baťa alizaliwa tarehe 3 Aprili 1876 huko Zlín, mji mdogo ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Kwao kushona viatu ilikuwa kazi ya ukoo. Mwaka 1894, akiwa na miaka 18 tu, yeye na kaka yake Antonín na dada yao Anna walichukua pesa za urithi wa mama yao wakafungua karakana.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwaka uliofuata tu, madeni yaliwafika shingoni. Pesa za kununua ngozi hakuna. Mimi niliyeacha chuo kwa sababu ya karo najua hali hiyo: unahesabu, unahesabu tena, na jibu ni lile lile. Tomáš alifanya nini? Aliacha kungoja ngozi, akashona viatu kwa turubai. Vilikuwa vyepesi na bei yake mtu wa kawaida aliimudu. Watu wakavigombania, na karakana ikafika wafanyakazi 50.

Kwa hiyo ukiona mtu anaringa na viatu vya turubai mjini, jua vilivyomtoa Bata havikuanza kama fasheni. Vilianza kama njia ya kukwepa kufilisika.

Mwaka 1904 akaenda Marekani, akafanya kazi ya kawaida katika kiwanda cha viatu mji wa Lynn, Massachusetts. Alikuwa anaiba ujuzi kwa macho. Aliporudi, kazi ya Zlín ikazidi kwenda kwa mashine.

Sasa hapa ndipo pagumu. Mwaka 1922 uchumi ulianguka na viwanda vingi vikafunga milango. Bata akakata bei ya viatu nusu nzima. Lakini mishahara nayo ikashuka asilimia 40. Ili watu wake wasilale njaa, akawauzia chakula na nguo kwa nusu bei. Wateja wakafurika na kiwanda kikapona.

Shujaa? Ngoja kwanza. Aliwajengea wafanyakazi nyumba, shule na hospitali, na mwaka 1923 akawa meya wa mji. Yaani bosi wako ndiye mwenye nyumba yako, na ndiye meya wako. Ukikosana naye kazini, unakwenda kulalamika wapi? Vyama vya wafanyakazi hakuvipenda. Na mafundi wadogo walioshona kwa mkono, kama alivyokuwa baba yake, hawakuweza kushindana na bei zake.

Tarehe 12 Julai 1932, asubuhi yenye ukungu, alipanda ndege yake ndogo kuelekea Uswisi. Ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Yeye na rubani wake wakafa. Alikuwa na miaka 56.

Kenya hakuwahi kuiona kampuni yake ikifika. Kiwanda cha Limuru kilikuja miaka kadhaa baada ya kifo chake, na kutoka huko viatu vikasambaa mpaka visiwani kwetu, vikakaa mlango mmoja na makubadhi ya fundi wa mtaani.

Nilizipata raba zangu mwishowe. Soli imeanza kuachia, nitazipeleka kwa fundi. Na wewe niambie ukweli: ungekuwa Zlín mwaka ule, ungekubali kukatwa asilimia 40 ya mshahara ili kiwanda kisifungwe?