James Chapin, kijana aliyekuja Kongo na miaka 19 akaandika habari za popo

Kila jioni jua likizama, popo huruka juu ya Luvungi na bonde lote la Ruzizi. Tangu janga la Covid-19, wengi huwatazama kwa woga. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kijana mmoja Mmarekani aliwatazama wanyama hawa kwa jicho lingine, na kazi yake ingali inatumika.

James Chapin alizaliwa New York mwaka wa 1889. Mwaka wa 1909, akiwa na umri wa miaka 19, alipanda meli kuja Kongo pamoja na Herbert Lang. Wote wawili walitumwa na jumba la makumbusho la mji wao. Walikaa misituni kaskazini-mashariki mwa nchi, pande za Medje na Faradje, zaidi ya miaka mitano. Wenyeji ndio waliowaonyesha njia, wakawindia nao na kubeba mizigo.

Chapin alipenda ndege kuliko vyote. Mwaka wa 1913 aliona unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji, asijue ni wa ndege gani. Aliutunza. Baada ya miaka 23, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili wakavu wenye unyoya kama ule, waliokuwa wamepewa jina lisilo lao. Ndivyo tausi wa Kongo alivyojulikana na wataalamu wa dunia, mwaka wa 1936.

Lakini mizigo ya safari ile ya kwanza ilikuwa pia na popo. Mwaka wa 1917 kilitoka kitabu juu yao, kilichoandikwa na Joel Allen, Lang na Chapin. Humo mlikuwa na majina, mahali walipopatikana, wanakolala na wanachokula. Walieleza hata popo mkubwa wa msituni ambaye dume lake lina koo la sauti linalojaza sehemu kubwa ya kifua chake.

Wakati huo hakuna aliyejua virusi vya korona. Leo watafiti wanajua kwamba popo wana virusi hivyo vya aina nyingi sana, na kwamba kwa kawaida kila ukoo wa popo una vyake. Mwaka wa 2021, utafiti uliofanywa RDC na Kongo-Brazzaville ulitangaza virusi vya korona vya aina kadhaa, karibu vyote kutoka kwa popo. Asiyejua popo aliye mkononi ni wa aina gani, hawezi kuelewa kirusi alichokikuta. Hapo ndipo kazi ya akina Chapin inaposaidia.

Kirusi kukutwa kwa popo si kusema watu wataugua. Hatari huongezeka popo wanapowindwa, wanaposhikwa kwa mikono mitupu au wanapofukuzwa makaoni mwao. Nao wana faida: wengine hula wadudu, wengine hupanda mbegu za miti.

Katika miaka ya 1950 Chapin alirudi, akafanya kazi Lwiro, Kivu Kusini, kwenye kituo cha utafiti ambacho leo ni CRSN. Alifariki New York mwezi wa nne mwaka wa 1964. Lwiro ingalipo, na kazi ya kuwajua popo wa jimbo hili sasa iko mikononi mwa Wakongomani.