Willem de Sitter na Mwendo wa Nuru

Mtu tunayewaeleza wasomaji wetu mwezi huu alikuwa mtazamaji wa nyota. Willem de Sitter alizaliwa Sneek, nchi ya Uholanzi, tarehe 6 Mei 1872. Tangu 1897 hata 1899 alifanya kazi katika nyumba ya kutazamia nyota huko Cape Town. Mwaka 1908 akawa mwalimu mkuu wa elimu hiyo Leiden. Na tangu 1919 akaongoza nyumba ya nyota ya mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu wa nyumba hiyo walifika Kenya, wapime mahali pa nyota karibu na Ikweta.

Siku zile wenye elimu walishindana. Mwaka 1905 Albert Einstein alifundisha kwamba nuru ina mwendo mmoja, hata kitu kiitoacho kikienda mbio. Mwaka 1908 Walter Ritz alisema kinyume: nuru huongezewa mwendo na kitu kiitoacho, kama jiwe litupwalo na mtu akimbiaye.

Mwaka 1913 de Sitter alitafuta shahidi mbinguni. Ziko nyota mbili mbili zizungukanazo. Mara nyota hutujia, mara hutuacha. Kama Ritz angalisema kweli, nuru yenye mbio ingaliipita njiani ile iliyotangulia, na mzunguko wa nyota ungalionekana umevurugika. Lakini waonekana taratibu. Basi akaamua kwamba Einstein alisema kweli.

De Sitter alifariki mwaka 1934, na wengi waliridhika na hoja yake. Lakini katika miaka ya 1960 J. G. Fox wa Marekani aliipinga. Katikati ya nyota, alieleza, mna hewa nyembamba sana; nuru ipitayo humo hupokewa na kutolewa upya, hata mwendo wake wa kwanza, kama ulikuwa tofauti, hupotea njiani. Basi nyota zile zingeonekana taratibu kwa vyo vyote, nao ushahidi haukutosha.

Shahidi wa pili alipatikana kwa njia ya pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilichoitwa Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kikatazame eksirei za mbinguni. Kiligundua ya kuwa Centaurus X-3 na Hercules X-1 hutoa mapigo ya eksirei kwa taratibu huku zikizungukana na nyota wenzao. Eksirei hizo hazizuiwi upesi na hewa ile. Mwaka 1977 Kenneth Brecher alipima mapigo ya nyota za namna hiyo, akaona mwendo wa nuru haufuati mwendo wa nyota.

Sisi wa Kerende, tukaao karibu na Ikweta, twaziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Tukizitazama na tukumbuke kwamba kuona ni jambo moja, na kufasiri ni jambo la pili. De Sitter aliona vema na kuamua vema. Hata hivyo, kama Maandiko yatakavyo, neno lake lilithibitika kwa shahidi wa pili.