ADRIAN ATIMAN: DAKTARI ALIYEKAA KAREMA MIAKA 67, NA SWALI KWA WANA PCB WA KASULU NA KIBONDO



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijiweni huku milimani stori inakuwa moja: nani kapata divisheni wani, nani anakwenda chuo gani. Kijana aliyesoma PCB ukimuuliza anataka nini, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Udaktari. Ukimuuliza amejipangaje, hapo sasa ndo anaanza kukuna kichwa. Leo nawaletea maisha ya mzee mmoja wa ziwa letu hilihili la Tanganyika, maana kuna kitu ndani yake kinatuhusu kabisa.

Jina lake Adrian Atiman. Waliosoma seminari na watu wa Sumbawanga watakuwa wanamfahamu, maana hospitali ya kanisa pale mjini ina jina lake. Huku kwetu Uha wengi hatumjui, wakati Karema alikofanyia kazi ni mwambao huohuo wa ziwa, unashuka tu kusini ya Kigoma mjini. Leo kijiji kiko mkoa wa Katavi.

Atiman hakuzaliwa Tanganyika. Kwao ni kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, nchi tunayoiita leo Mali. Alizaliwa mnamo 1866. Akiwa bado mtoto mdogo aliibiwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi kusini mwa Algeria. Huko ndiko mapadri wa shirika la Mapadri Weupe walipomkomboa kwa fedha miaka ya 1870. Hebu fikiria, mtoto hana baba, hana mama, hana ukoo, lugha ya watu waliomzunguka siyo yake. Ukiangalia mwanzo ule, hakuna mtu angesema huyu atakuja kuwa daktari.

Sasa mkuu wa shirika lile alikuwa Kardinali Lavigerie, Mfaransa, askofu mkuu wa Algiers. Alikuwa na tatizo moja kubwa. Tangu 1878 alianza kupeleka wamisionari wake kwenye maziwa makuu ya Afrika, na wengi walikuwa wanakufa kwa homa. Akaona njia mojawapo ni kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika wenyewe, kisha wapelekwe bara wakatibu watu na kufundisha dini. Mwaka 1881 akafungua nyumba ya vijana hao kisiwani Malta. Pale kulikuwa na chuo kikuu cha siku nyingi, na Kimalta ni lugha iliyo jirani sana na Kiarabu, ambacho vijana waliotoka Algeria walikuwa wamekizoea.

Atiman alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa. Alikaa miaka kadhaa akisoma udaktari, akamaliza 1888. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo penye somo. Atiman hakuandika barua ya maombi. Hakuchagua kozi. Kila kitu alipangiwa na watu wengine, na kwa kweli hilo si jambo la kusifia sana, maana hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Lakini ule mpango wenyewe uangalie ulivyokaa. Haukuanza na chuo. Ulianza na mahali penye shida, yaani bara huku ambako hakukuwa na daktari, halafu wakahesabu kurudi nyuma. Bara panahitaji mganga, mganga lazima apite chuoni, kabla ya chuo apate shule na lugha, na wote hao kuna mtu wa kuwalipia. Hatua kwa hatua. Siku Atiman anamaliza masomo, kazi yake ilikuwa inamsubiri.

Mwaka huohuo wa 1888 akasafiri na wamisionari hadi Zanzibar. Wakati ule pwani ilikuwa inachafuka, Abushiri ameanza vita na Wajerumani. Msafara ukaingia bara kwa miguu kupitia Tabora. Msisahau reli ya kati ilifika Kigoma 1914, kwa hiyo jamaa alitembea robo karne kabla ya mwisho wa reli kuwa mwisho wa reli! Akaingia Karema 1889.

Karema ilikuwa ngome. Wabelgiji waliijenga 1879, wakawakabidhi Mapadri Weupe 1885. Pembeni kuna vijiji, mbele ziwa, nyuma pori. Dawa alizobeba si za kudumu, na kuleta nyingine kutoka pwani ni safari ya miezi. Ndipo Atiman akafanya jambo ambalo mimi ndo limenifanya nimpende. Akakaa na wazee wa pale, akajifunza miti na mizizi wanayotumia, akachanganya ujuzi wa Malta na ujuzi wa wenyeji. Hakujifanya msomi asiyefundishika.

Alioa palepale, mke wake akiitwa Agnes Wansahira, mwanamke wa ukoo wa kitemi. Wakapata mtoto wa kiume, Joseph, ambaye baadaye akawa padri. Kwa hiyo yule mtoto aliyeibiwa kwao akapata kwao kupya.

Na kazi ikaendelea. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulipiga vibaya vijiji vya kandokando ya ziwa. Akaishi chini ya Mjerumani. Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji wakaja mwaka 1916, na baada yao Mwingereza. Serikali zinabadilika, bendera zinashuka na kupanda, mganga wa Karema ni yuleyule. Ili mjue ukubwa wa jambo hili, Makerere ilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1924, Atiman alikuwa ameshatibu watu Karema miaka 35. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza 1963, mzee ameshakufa miaka saba iliyopita.

Mwaka 1946 habari za maisha yake kama alivyozieleza mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki 1956 akiwa na miaka kama 90, akazikwa Karema alikoishi. Miaka 67 kwenye kituo kimoja. Si mchezo.

Sasa turudi huku milimani.

Kwa wenzetu Marekani, mtu anasoma kwanza digrii nyingine, akiwa chuoni ndipo anapanga kuomba shule ya udaktari. Kwetu siyo hivyo. Digrii ya udaktari unaiomba ukitoka kidato cha sita, kwa hiyo ukisubiri kupanga ukiwa chuoni umeshachelewa. Mpango wako unaanza sekondari, siku ile unajaza selform. Wapo vijana wanachaguliwa CBG, wanafurahi kwa sababu ina Kemia na Baiolojia, wanasoma miaka miwili kwa bidii zote, halafu siku ya kuomba ndo wanagundua kwamba udaktari unataka na Fizikia. Hakuna aliyewaambia. Huo ndio umaskini wetu mkubwa kuliko hata wa hela, umaskini wa kutokuwa na mtu wa kukwambia mapema.

Basi na sisi tuhesabu kurudi nyuma kama walivyohesabu wale. Kuwa daktari kamili ni lazima usajiliwe na Baraza la Madaktari. Kabla ya hapo, mwaka mmoja wa intani hospitalini. Kabla ya intani, miaka mitano chuoni, iwe Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma au kwingineko. Kabla ya chuo, ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita, na TCU inatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka chenye sifa za kila chuo, ukisome mwenyewe usisubiri kusimuliwa. Pembeni yake kuna hela. Maombi ya Bodi ya Mikopo yana tarehe zake na yanataka vyeti, cha kuzaliwa kikiwemo. Kijana wa kijijini Kibondo ambaye cheti cha kuzaliwa anaanza kukitafuta dirisha likiwa limeshafunguliwa, huyo ameshaingia uwanjani mpira dakika ya themanini.

Na kama alama hazikutosha? Dunia haijaisha. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu, unatibu watu, na ukifaulu vizuri mlango wa digrii bado upo. Njia ndefu siyo njia iliyopotea.

Lakini swali langu hasa ni lile la kwanza kwenye hesabu ya Lavigerie, ambalo sisi tunaliweka la mwisho au tunalisahau kabisa. Unataka kutibu wapi? Mgonjwa akizidiwa Kibondo, anapelekwa Maweni, Kigoma mjini, ni zaidi ya kilomita 200. Akishindikana Maweni, Bugando, Mwanza. Ndugu wanauza maharage, wanauza mbuzi, wengine wanauza shamba. Watu wa hapa wanajua maana ya daktari kuwa mbali kuliko mtu yeyote anayeandika sera Dodoma. Mtoto aliyekulia humo akisoma udaktari, akili yake inajua kitu ambacho hakifundishwi chuoni.

Mimi simwambii mtu akae kituo kimoja miaka 67. Atiman alikuwa na shirika nyuma yake. Daktari wa leo anahitaji nyumba, mshahara unaofika kwa wakati, vifaa na umeme. Kumlaumu kijana anayekimbilia Dar wakati zahanati aliyopangiwa haina hata glavu ni kumwonea. Ndo maana nasema mpango huu siyo wa kijana peke yake. Halmashauri zetu zinajua majina ya watoto wanaofaulu sayansi kila mwaka. Zinashindwa nini kukaa nao wakiwa kidato cha nne, kuwaelekeza selform, kuwasaidia vyeti, na kuwaandalia pa kurudi? Mwaka 1881 watu waliokuwa mbali kabisa waliweza kupanga daktari wa Karema, bila simu wala barabara. Sisi tuna vyote hivyo.

Mdau unayesoma PCB sasa hivi Kasulu au Kibondo, chukua karatasi leo. Juu kabisa andika jina la kituo cha afya unachokijua, ambacho hakina daktari. Halafu hesabu kurudi nyuma mpaka kidato ulichopo.

Wenye uzoefu wa maombi ya vyuo na mkopo, hasa mliotokea huku kwetu, uwanja ni wenu, wamwagieni madogo maarifa hapo chini. Tupo pamoja.