Adolf Fick

Adolf Fick (Kassel, Ujerumani, 3 Septemba 1829 – Blankenberge, Ubelgiji, 21 Agosti 1901) alikuwa daktari na mwanafiziolojia wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa sheria mbili za mtawanyiko alizozitoa mwaka 1855, ambazo hadi leo ni msingi wa hesabu za namna vitu vinavyopita katika utando wa seli. Ndiye pia aliyebuni njia ya kukokotoa kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo.

Maisha

Fick alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto tisa. Baba yake alisimamia ujenzi katika mji wa Kassel. Mwaka 1847 alijiunga na Chuo Kikuu cha Marburg ili asome hisabati na fizikia, lakini kwa ushauri wa kaka yake alihamia udaktari. Hata hivyo hakuiacha hisabati. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1851 ilichunguza kasoro ya kuona inayotokana na jicho lisilo na mviringo sawa pande zote, yaani astigmatizimu.

Mwaka 1852 alikwenda Zürich, Uswisi, kufanya kazi chini ya Carl Ludwig, aliyekuwa mwalimu wake huko Marburg. Baadaye akawa profesa wa fiziolojia mjini humo. Mwaka 1868 alihamia Chuo Kikuu cha Würzburg, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1899. Alifariki miaka miwili baadaye.

Sheria za Fick

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mwili hai unaongozwa na nguvu ya pekee isiyopimika. Ludwig na wenzake walishikilia kwamba sheria za fizikia na kemia zinatosha. Fick alikuwa upande wao, na swali lililomvutia lilikuwa la utando: kwa nini maji na chumvi hupita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa kasi gani?

Aliona kwamba kabla ya kuuelewa utando, ni lazima kwanza kuelewa mtawanyiko katika maji matupu. Mskoti Thomas Graham alikuwa amekwisha kufanya majaribio mengi juu ya jambo hilo, bila kupata mlinganyo wake. Fick aliutafuta kwa kulinganisha. Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameonyesha kwamba joto husafiri kutoka penye joto kwenda penye baridi kwa kadiri ya tofauti iliyopo. Fick alidai kwamba chumvi hufanya vivyo hivyo.

Sheria ya kwanza huandikwa hivi:

J = −D × dC/dx

Hapa J ni kiasi kinachopita katika eneo fulani kwa muda fulani, C ni ukolezi, x ni umbali, na D ni namba inayotegemea kitu kinachosambaa na mahali kinaposambaa. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba mwendo ni kutoka penye ukolezi mwingi kwenda penye ukolezi mdogo. Sheria ya pili inaeleza jinsi ukolezi wa kila mahali unavyobadilika kadiri muda unavyopita.

Ili kuhakikisha, Fick alichukua chombo chenye chumvi chini na maji safi juu, akasubiri hadi hali ikatulia. Kisha alipima uzito wa maji katika kila kina kwa tufe dogo la kioo lililoning'inizwa kwenye mizani. Katika bomba lililonyooka ukolezi ulipungua kwa hatua sawa. Katika chombo chenye umbo la faneli haukupungua hivyo, kama mlinganyo ulivyotabiri.

Maana yake kwa viumbe hai

Kutokana na sheria ya pili, umbali ukiongezeka mara 10, muda wa kusambaa huongezeka mara 100. Oksijeni huvuka seli ya kawaida kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini kwa mtawanyiko pekee ingehitaji mamilioni ya miaka kufika chini ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470. Maji ya juu na ya chini ya ziwa hilo hayachanganyiki vizuri, hivyo vilindi vyake havina oksijeni, na samaki wanaovuliwa Karema, mkoani Katavi, huishi katika tabaka la juu. Kwa sababu hiyohiyo seli ni ndogo, na wanyama wakubwa wanahitaji mapafu na damu inayozunguka.

Kazi nyingine

Mwaka 1865 Fick na mkemia Johannes Wislicenus walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi baada ya kula vyakula visivyo na protini. Walipima nitrojeni katika mkojo wao, wakaonyesha kwamba protini iliyotumiwa na mwili haikutosha kwa kazi ile. Nguvu ya misuli, basi, hutoka hasa katika wanga na mafuta.

Mwaka 1870 alieleza kanuni ya kupima kazi ya moyo. Ikiwa mtu anatumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na kila lita ya damu inachukua mililita 50 inapopita kwenye mapafu, basi moyo wake unasukuma lita 5 kwa dakika. Fick mwenyewe hakufanya kipimo hicho. Wengine walikifanya baadaye.

Urithi

Walther Nernst na Max Planck walipanua sheria za Fick ili zihusu pia chembe zenye chaji ya umeme. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza chanzo cha namba D, yaani mwendo usio na mpangilio wa molekuli. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walitoa milinganyo ya umeme katika utando wa neva. Wanafunzi wa uzamivu wanaounda vielelezo vya kihisabati vya utando wa seli bado huanzia kwenye mlinganyo wa mwaka 1855, alioutoa daktari ambaye hakuwa ametimiza miaka 27.