Galileo: Mhadhiri aliyefunza asiyoyaamini

GALILEO Galilei, aliyezaliwa mjini Pisa, Italia, mnamo Februari 15, 1564, aliacha masomo ya udaktari mwaka wa 1585 bila shahada. Hata hivyo, miaka minne baadaye alirejea katika chuo kikuu kicho hicho kufunza hisabati.

Mnamo 1592 alihamia Chuo Kikuu cha Padua, alikofunza kwa miaka 18. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo waliosomea udaktari, kwani matabibu wa enzi hizo walitazama nyota kabla ya kutibu.

Mshahara haukutosha. Babake alikuwa amefariki 1591 na kumwachia mzigo wa familia, ikiwemo mahari ya dada zake, ambayo kwa desturi za huko ililipwa na upande wa bibi harusi. Akalazimika kufunza nyumbani na kuwapangisha wanafunzi vyumba.

Darasani alifunza kuwa jua huzunguka dunia, jinsi mtaala ulivyotaka. Faraghani aliamini kinyume, na 1597 alimwandikia Johannes Kepler akikiri kwamba alichelea kudhihakiwa.

Darubini ndiyo iliyomtia ujasiri. Januari 1610 aliona miezi ikiizunguka sayari ya Mshtarii, ithibati kuwa si kila kitu angani huzunguka dunia. Mwaka huo aliondoka Padua akahamia Florence.

Ukweli ulimgharimu. Mnamo 1633 Kanisa Katoliki lilimhukumu, akazuiliwa nyumbani hadi alipofariki Januari 8, 1642, akiwa kipofu. Papa John Paul II alikiri kosa hilo mwaka wa 1992.