Benjamin Holt: Fundi wa magurudumu aliyelipa tingatinga miguu ya chuma

Mvua za masika zinapoanza na Mto Kuja kuvimba kule Nyatike, wakazi hutazamia msaada wa mtambo mmoja usioogopa tope: tingatinga linalotembea kwa minyororo. Ndilo linaloweza kuinua kingo za mto, kufungua njia zilizozibwa na kusukuma ule udongo mweusi ambao, kuanzia bonde la Lambwe hadi Karachuonyo, hugeuka gundi mara unapolowa. Wengi katika kaunti za Migori na Homa Bay hulijua kwa jina la katapila. Wachache wanamjua mtu aliyelipa miguu hiyo. Wachache zaidi wanajua kwamba ugonjwa unaoyalaza matingatinga makuukuu hadi leo, yaani kuchakaa kwa miguu, ulimhangaisha yeye mwenyewe zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mtu huyo ni Benjamin Holt. Alizaliwa Januari 1, 1849, katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, katika jamaa iliyoishi kwa kupasua na kuuza mbao. Kakake, Charles, alitangulia kwenda California katika miaka ya 1860 na kufungua biashara ya mbao mjini San Francisco. Benjamin alimfuata mwaka wa 1883, na ndugu hao wakaanzisha kiwanda cha magurudumu ya mbao mjini Stockton. Mji huo ulichaguliwa kwa ajili ya ukavu wa hewa yake. Mbao zilizokaushwa huko hazikusinyaa baadaye zilipofikishwa katika nchi ya joto, hivyo gurudumu halikulegea.

Magurudumu, basi, ndiyo yaliyokuwa riziki yake. Hata hivyo, Holt hakutosheka nayo. Mwaka wa 1886 kiwanda chake kilitoa mashine ya kuvuna na kupura ngano kwa pamoja, iliyovutwa na kundi kubwa la farasi na nyumbu. Mwaka wa 1890 alitoa trekta la mvuke lililokusudiwa kuchukua nafasi ya wanyama hao.

Hapo ndipo alipokutana na adui ambaye mkulima wa Kendu Bay angemtambua mara moja. Karibu na Stockton kuna nchi ya mabwawa iliyokaushwa ili ilimwe, yenye rutuba nyingi lakini laini mno. Farasi waliolima huko walivishwa viatu vipana vya mbao wasizame. Trekta la mvuke, lenye uzito wa tani nyingi, halikuwa na viatu. Holt akaongeza upana wa magurudumu, akaongeza tena, hadi mtambo mmoja ukafikia upana wa futi 46. Ulikuwa mzito kuuongoza, ghali kuutengeneza, na bado haukuwa jibu.

Jibu lilikuwa kuyaacha magurudumu. Mnamo Novemba 24, 1904, Holt alilifanyia majaribio trekta ambalo magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameondolewa na mahali pake kutiwa minyororo iliyofungwa vipande vya mbao. Mtambo ulijitandikia njia yake mwenyewe, ukapita juu yake, kisha ukaiokota na kuitandika tena mbele. Uzito ambao awali ulikandamiza sehemu ndogo chini ya gurudumu sasa ulienea juu ya eneo kubwa, na tope likaubeba. Mpigapicha Charles Clements aliyeutazama ukienda aliufananisha na kiwavi anayetambaa. Jina hilo, Caterpillar, lilisajiliwa kuwa alama ya biashara mwaka wa 1910.

Haki inataka isemwe kwamba Holt hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo. Alvin Lombard wa jimbo la Maine alikuwa amepata hataza ya mtambo wa minyororo wa kuvuta magogo mwaka wa 1901, na huko Uingereza David Roberts wa kampuni ya Hornsby alikuwa akishughulikia wazo kama hilo. Sifa ya Holt ni kwamba aliufanya mtambo huo kuwa kitu cha kununuliwa na kufanya kazi mwaka baada ya mwaka.

Lakini kufanya kazi mwaka baada ya mwaka ndiko kulikomtoa jasho. Mwaka wa 1908 wahandisi wa mji wa Los Angeles walianza kujenga mfereji wa maji wa kilomita 375 kupitia jangwa, na Holt akawapatia matrekta 28. Mchanga na joto la jangwa la Mojave havikuyahurumia. Vyuma vilisagika, gia zikavunjika, gharama za matengenezo zikapanda, na mwishowe nyumbu wakarejeshwa kazini. Kwa mfanyabiashara mwingine hiyo ingekuwa aibu ya kufichwa. Holt aliligeuza jangwa kuwa mahali pa majaribio: kila sehemu iliyovunjika ilichunguzwa, ikabuniwa upya na kuimarishwa. Alikuwa amejifunza kwamba mtambo unaobeba njia yake lazima pia ulipie njia hiyo, na malipo yake ni chuma.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Watengenezaji wenyewe hukiri kwamba takriban nusu ya gharama za kulitunza tingatinga huishia miguuni. Mnyororo umeungwa kwa pini zilizopita ndani ya bushi, na kila kiungo kinapojikunja kuzunguka gurudumu lenye meno, pini na bushi husagana. Kwa kuwa mvuto hutoka upande mmoja, ulaji nao huwa wa upande mmoja. Mnyororo huonekana kama umerefuka, hali chuma chake hakijanyooka hata kidogo. Viungo ndivyo vilivyolegea. Hapo meno ya gurudumu hayaingii tena mahali pake, huanza kupanda juu ya bushi, yakachongoka na kuharibu kilichosalia.

Katika nchi yetu ya magharibi, adui ni wawili. Upande wa Macalder na miamba ya dhahabu ya Migori, changarawe ya mawe meupe hufanya kazi ya tupa. Upande wa udongo mweusi wa Homa Bay, tope hujisindika kati ya meno na mnyororo, likakauka, na kuukaza mnyororo kupita kiasi. Dereva asiyeondoa tope hilo kwa sepetu jioni hulikuta asubuhi limekuwa kama saruji. Mnyororo uliokazwa mno huisha upesi kuliko uliolegea kwa kadiri.

Kwa tingatinga la zamani, dawa si lazima iwe mnyororo mpya. Fundi mwangalifu huuvuta mnyororo ukakaza, akapima kwa tepu urefu wa viungo kadhaa kwa pamoja, kisha akalinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Ikiwa ulaji haujapita kikomo, pini na bushi husukumwa nje kwa presi ya haidroli, zikageuzwa nusu mzunguko, na upande ambao haujaguswa ukaletwa kazini. Mnyororo huo hupata maisha ya pili. Ukicheleweshwa hadi ukuta wa bushi utoboke, nafasi hiyo imepotea na hakuna wa kuirudisha.

Magurudumu yenye meno yaliyolika upande mmoja yanaweza kubadilishana nafasi, la kushoto likaenda kulia. Rola zilizopungua hujazwa kwa kuchomelea, kisha zikakerezwa zirudi kwenye kipimo, mradi chuma kimepashwa moto kwanza, la sivyo hupasuka. Sahani zilizokwisha makali huchomelewa vipande vipya vya chuma mgongoni. Kazi hizi zinahitaji kifaa na ujuzi, na ujuzi huo mafundi wa jua kali wanaweza kuupata. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo kuchukuliwa mapema.

Afrika Mashariki imewahi kulipia uzembe wa aina hii. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga kule Kongwa, Tanganyika, mwaka wa 1947, ilileta matrekta mengi yaliyokwisha tumika vitani. Udongo wenye mchanga mkali, uliokuwa mgumu kama jiwe wakati wa kiangazi, uliyala, na karakana na vipuri havikutosha. Kufikia mwaka wa 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yamezama.

Vita vilimwinua Holt pia, kisha vikamwangusha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya matrekta yake yalivuta mizinga ya majeshi ya washirika katika matope ya Ulaya. Habari za matrekta hayo zilimsaidia afisa Mwingereza Ernest Swinton kuwaza juu ya kifaru, na mnamo Aprili 1918 Swinton alifunga safari hadi Stockton kutoa shukrani. Amani ilipokuja, maagizo ya serikali yalikatizwa ghafla, na kampuni ikabaki na mzigo wa madeni na mitambo mikubwa ambayo wakulima hawakuihitaji. Holt alifariki mjini Stockton mnamo Desemba 5, 1920, akiwa na umri wa miaka 71. Hakuishi kuuona mwaka wa 1925, kampuni yake ilipoungana na ile ya mshindani wake wa siku nyingi, C. L. Best, na kuzaa kampuni inayobeba jina la kiwavi hadi sasa.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, matengenezo ya barabara za mashinani yamekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na ununuzi wa mtambo mpya huandamana na sherehe na picha. Kupima mnyororo wa mtambo wa zamani hakuna sherehe. Hata hivyo, mwananchi ambaye njia yake ya kwenda hospitali imekatwa na mafuriko hajali tingatinga lilinunuliwa lini. Anachotaka ni litembee siku hiyo. Holt alilielewa hilo jangwani, mbele ya mitambo yake iliyolala huku nyumbu wa jirani wakiendelea na kazi, naye akashika kipimo na kuanza upya.