Beatrice Tinsley na Rangi za Galaksi

Beatrice Tinsley alizaliwa Chester, Uingereza, tarehe 27 Januari, 1941, akalelewa New Zealand, ambako alisomea fizikia mjini Christchurch. Mwaka 1963 alihamia Dallas, Marekani, kumfuata mumewe aliyepata kazi huko. Yeye hakuwa na kazi. Akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, umbali wa kilomita 300 hivi, akawa akisafiri kwenda na kurudi, na kufikia mwaka 1967 tasnifu yake ya udaktari ilikuwa imekamilika.

Swali lake lilikuwa jepesi kutamka: je, galaksi huzeeka? Wataalamu wengi wa siku hizo, akiwamo Allan Sandage aliyesifika sana, walizichukua galaksi kubwa za umbo la yai kuwa kama taa zenye mwanga usiobadilika sana. Taa ikionekana hafifu, basi iko mbali. Lakini ikiwa taa yenyewe hufifia kwa kuzeeka, hesabu za umbali, na hata za hatima ya ulimwengu, huvurugika.

Hapa ndipo rangi zinapoingia, nalo ni jambo ambalo mwalimu aliye Mbalizi aweza kulifundisha bila darubini. Mwezi wa Julai, mbingu za kipupwe zikiwa safi, awatoe wanafunzi nje saa mbili usiku. Awaonyeshe Spica, nyota nyeupe yenye kuelekea buluu, iliyoanza kuinamia magharibi, kisha Antares, nyekundu, upande wa mashariki. Watoto wengi watadhani nyekundu ndiyo yenye moto zaidi, kwa kuwa wamezoea makaa. Awakumbushe chuma cha mhunzi: huanza kuwa chekundu, na joto likizidi huelekea weupe. Nyota za buluu ni kubwa na zenye joto kali, nazo humaliza akiba yao katika mamilioni machache ya miaka. Nyota ndogo nyekundu hudumu mabilioni. (Antares ni kubwa, ila imekaribia mwisho wake, mtoto mwerevu ataiuliza, na heri mwalimu awe tayari.) Basi galaksi yenye mwanga mwingi wa buluu bado inazaa nyota, iliyo nyekundu imeacha kuzaa zamani.

Tinsley alikisia kiasi cha nyota zinazozaliwa kila kipindi, akakokotoa kwa kompyuta zipi zimekufa na zipi zinang'aa, akajumlisha mwanga wao na kupata rangi ambayo galaksi ingepaswa kuwa nayo. Kisha akailinganisha na rangi zilizopimwa kwa darubini kupitia vichujio. Makisio yasiyolingana yalitupwa. Matokeo yalionyesha kwamba galaksi hubadilika vya kutosha kuharibu vipimo vilivyotegemewa. Sandage hakukubali upesi.

Licha ya kazi hiyo, Dallas haikumpa nafasi ya kudumu. Mwaka 1974 ndoa yake ilivunjika, akaondoka, na watoto wawili waliowalea kama wao wakabaki kwa baba yao. Uchungu wa uamuzi huo haupaswi kufichwa katika kuusimulia ushujaa wake.

Mwaka 1975 alianza kazi Yale, na mwaka 1978 akawa profesa wa kwanza mwanamke wa elimu ya nyota chuoni hapo. Mwaka huohuo, yeye na Richard Larson walilinganisha galaksi za kawaida na zile zenye maumbo yaliyovurugika. Rangi za hizi za pili zilitawanyika mno, na makisio ya uzazi wa taratibu hayakuweza kuzieleza. Yaliyolingana ni makisio ya mlipuko wa ghafla wa uzazi wa nyota, unaotokea galaksi mbili zinapokaribiana na kuvutana.

Mwaka 1978 ndio pia aliogunduliwa kuwa na saratani ya ngozi. Ilipofika kwenye ubongo na mkono wa kulia ukapooza, alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akaikamilisha makala yake ya mwisho. Alifariki tarehe 23 Machi, 1981, akiwa na umri wa miaka 40.